Mlango wa Nje na Deni la Fundi

Mlango wa nje wa nyumba hutazamwa na watu wengi kuliko chombo kingine chochote atengenezacho seremala, lakini sehemu kubwa ya ubora wake haionekani kwa macho. Mpita njia huona rangi, nakshi na kitasa. Haoni kama mbao zilikuwa zimekauka zilipopigwa randa. Haoni kama ulimi wa kila kiungo umefika mwisho wa tundu lake. Haoni kama ubao ulitoka katika moyo wa mti au katika sehemu nyeupe iliyo karibu na gamba. Hata mwenye nyumba aghalabu hayaoni hayo siku anapokabidhiwa mlango na kutoa fedha yake. Huyajua baada ya miezi mingi, wakati ambapo fundi amekwisha kuyatumia malipo na pengine amekwisha kuhama mtaa.

Hali hiyo ndiyo inayotusukuma kuliuliza swali ambalo tunakusudia kulichunguza katika makala hii. Je, fundi anadaiwa nini kwa yale yasiyoonekana, na mdai wake ni nani? Swali hili si la maseremala peke yao. Mwalimu anayeandaa somo usiku, karani anayejaza daftari la hesabu, mkulima anayefunga gunia la mtama apeleke sokoni, wote hao hufanya kazi ambayo sehemu yake imefichika machoni pa anayeipokea. Tumeuchagua mlango kwa sababu, kama tutakavyoona, mlango hatimaye huyatoa nje yale ambayo aliyeutengeneza aliyanyamazia.

Yafaa kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mji wa Dodoma uko juu ya uwanda wa kati wa Tanzania, mahali paliponyanyuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa kawaida mvua yake haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo huja miezi mingi ya ukavu, jua kali na upepo unaobeba vumbi. Miti ya nchi hiyo ni mibuyu, migunga na vichaka vya miiba, ambavyo haviwezi kutoa mbao pana. Kwa hiyo mbao za kutengenezea milango hutoka mbali: mninga hutoka katika misitu ya miyombo ya upande wa Tabora na Katavi, msindano hutoka Sao Hill huko Mufindi, na msaji, ambao wengine huuita mtiki, hutoka katika mashamba ya serikali kama yale ya Longuza na Mtibwa.

Wagogo, wenyeji wa uwanda huo, waliijua nchi yao na wakajenga kulingana nayo. Tembe lao lilikuwa nyumba ya miti na udongo, yenye paa la bapa lililofunikwa kwa udongo, na vyumba vyake vilizunguka ua ambamo ng'ombe walilala. Marehemu Mathias Mnyampala, mshairi mashuhuri na mzaliwa wa Ugogo, alitutunzia habari nyingi za watu hao katika kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotoka mwaka 1954. Baadhi ya milango ya zamani ya bara iliyohifadhiwa hadi leo ilichongwa kwa tezo kutoka katika kipande kimoja cha gogo, na ncha mbili zilizoachwa juu na chini ndizo zilizokuwa bawaba zake. Mlango wa namna hiyo haukuwa na kiungo cha kuficha. Aliyeuchonga alikuwa jirani wa aliyeutumia, na huenda alikuwa mjomba wake. Ukipasuka, lawama haikuhitaji kusafiri.

Mambo yalibadilika. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwakusanya watu wengi wa mkoa huo katika vijiji vipya. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Kazi hiyo ilikwenda polepole kwa miaka mingi, hadi serikali ilipoanza kuhamia huko kwa wingi kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Nyumba za matofali zimesambaa katika pande zote za mji. Kila nyumba inahitaji mlango wa nje, na kila tundu la mlango lina upana wake na kasoro zake, kwa kuwa waashi nao ni binadamu. Basi fundi huitwa kuja kupima. Lakini siku hizi fundi na mwenye nyumba aghalabu hawajuani. Walikutana jana kando ya barabara, na baada ya kazi huenda wasionane tena. Hapo ndipo swali letu linapoanza kuuma.

Tukitaka kulijibu kwa haki, hatuna budi kuelewa kidogo tabia ya mti. Ubao uliotoka kupasuliwa umebeba maji. Unapokauka hunywea, na hunywea kwa upana na unene wake, wala urefu wake haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Hata ukisha kukauka hauachi kabisa kucheza: wakati wa masika huvuta unyevu ukapanuka, na wakati wa kiangazi huutoa ukajikaza. Kwa sababu hiyo mlango mzuri wa nje haukazwi kila mahali. Fundi hutengeneza fremu imara ya miimo na vipande vya kukingama, viungo vyake vikiwa ni ulimi ulioingia katika tundu na kushikwa kwa gundi au kwa kigingi. Ama ule ubao mpana wa katikati, huo huingizwa tu katika mfuo uliochimbwa ndani ya fremu, bila gundi wala msumari, upate nafasi ya kupanuka na kunywea bila kujipasua. Asiyejua kazi akiugusa ubao huo na kuuona unacheza kidogo, hudhani fundi amelegeza mambo. Kumbe amelegeza kwa makusudi, na usipolegezwa utapasuka.

Kadhalika kukausha kuna kanuni zake. Mbao hupangwa kivulini, na kati ya ubao na ubao huwekwa vijiti vya kupitisha hewa. Kwa desturi ya zamani, mafundi wa nchi nyingi walihesabu kiasi cha mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ukavu wa Dodoma huweza kuufupisha muda huo, lakini hauuondoi. Tena ubao uliokaushwa juani kwa pupa hupasuka ncha na kupinda. Ukilijua hilo, unajua pia kwamba subira ni sehemu ya bei ya mlango, ingawa hakuna anayeiandika katika stakabadhi.

Sasa tueleze jambo lililotupata wenyewe. Tulipokuwa tukimalizia nyumba yetu, mwishoni mwa mwezi Aprili, tulikwenda kwa fundi mmoja mzee ambaye tulikuwa tumesikia sifa zake. Tulimpa shikamoo, naye akatukaribisha kwa "mbukwenyi" ya kwao. Tulimweleza kwamba tunataka mlango wa mninga wa mabamba mawili, na kwamba tunataka kuhamia baada ya wiki tatu. Alituonyesha mbao zake zilizopangwa nyuma ya karakana. Juu ya rundo alikuwa ameweka kipande kifupi kilichoandikwa namba kwa kalamu ya seremala, namba moja chini ya nyingine. Tulipouliza, alisema kwamba kila Jumamosi hukipeleka kipande hicho kwenye mizani ya muuza nafaka jirani yake, na kwamba uzito ulikuwa bado unashuka.

"Mwalimu," alisema, "hizi zilifika kabla ya mvua kwisha. Siku uzito utakapogoma kushuka, nitakupigia randa. Nikikupa mlango leo, mwezi wa nane utanisema."

Tulimwomba apunguze masharti. Tulimwambia kwamba tungemwongeza fedha kidogo. Alitikisa kichwa bila hasira, akatuambia twende salama. Tulikwenda kwa fundi mwingine, kijana mwenye karakana iliyojaa wateja, naye akakubali kila tulichosema. Baada ya siku kumi na nane mlango ulikuwa umesimama, umepakwa vanishi, unang'aa. Jirani zetu waliusifu. Sisi tulimcheka kimoyomoyo yule mzee.

Mwezi wa nane tuliona mwanga wa jua ukipita katikati ya mbao. Viungo vilikuwa vimeachana kiasi cha kuingiza ncha ya kisu. Tulimwita kijana, akaja kwa heshima, akaziba nyufa kwa vipande vyembamba vya mbao na gundi, akapaka vanishi tena. Mlango ukaonekana mzima. Lakini mwezi wa kwanza mvua kubwa zilipoanza, mbao zikavuta maji zikapanuka, na kwa kuwa nafasi yake ilikuwa imekwisha kuzibwa, mlango ukakaza katika miimo. Siku moja jioni mama yetu mzazi, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima sana, alitoka kumsabahi jirani. Akarudi mvua ikinyesha. Alisukuma mlango usifunguke. Sisi hatukuwapo nyumbani, na nguvu za kuupiga bega hakuwa nazo. Tulimkuta amesimama chini ya ncha ya paa, khanga imelowa, akitetemeka. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba alidhani tumebadilisha kitasa bila kumwambia.

Neno hilo lilituchoma kuliko lawama. Mzazi wetu, mbele ya mlango wa nyumba ya mwanawe, alidhani amefungiwa nje.

Katika hasira yetu ya kwanza tulimlaani yule kijana. Tulipokwenda kumsimulia mzee, tukitumaini kwamba atatuunga mkono, alisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Ulimwomba haraka, akakupa haraka." Hakuongeza neno. Ilitubidi tukiri kwamba tuliijua kweli kabla ya kununua uongo. Mzee alikuwa ametuambia bila malipo, akatuonyesha hata hesabu za mizani. Tulikwenda kumtafuta mtu wa kutuambia tulichotaka kusikia. Basi katika deni la mlango ule, kijana alikuwa mdaiwa mmoja na sisi tulikuwa wa pili.

Hapa msomaji huweza kutoa hoja nzito, na haifai kuikwepa. Atasema: ukweli wa mzee yule ni anasa ya mtu ambaye watoto wake wamekwisha kukua. Kijana ana kodi ya karakana, ana wanagenzi wanaotaka kula, na mteja akikataliwa leo kesho humpeleka fedha mwenzake. Ni nani atakayenunua mbao na kuzilaza miezi mingi bila kuziuza? Hoja hii ina haki ndani yake. Umaskini huibana kazi njema, na jamii inayotaka milango mizuri haina budi kuwawezesha mafundi wake kusubiri: kwa vyama vya ushirika vyenye ghala la kukaushia, kwa vyuo vya ufundi vyenye mbao kavu za kujifunzia, na kwa wateja wanaotoa malipo ya mwanzo mapema. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini kijana hakuweza kutupa mbao kavu. Haielezi kwa nini hakutuambia kwamba mbao zilikuwa mbichi. Kusema hakukuhitaji mtaji. Angaliweza kutamka kwamba mlango utafunguka nyufa, kisha akatuachia sisi uamuzi. Umaskini huweza kumlazimisha mtu atoe kazi duni, lakini ni mara chache sana umlazimishapo kuiita kazi hiyo bora.

Wapo pia wasemao kwamba yafaa tuache mbao tutumie chuma, kwa kuwa chuma hakinywei wala hakiliwi na mchwa. Kweli, nyumba nyingi za Dodoma leo zina milango ya chuma. Hata hivyo chuma nacho kina siri yake: ungo wa kuchomelea huweza kuwa umeshika juu tu, na kutu huweza kupakwa rangi ikanyamaza kwa mwaka mzima. Tukibadili kitu tusibadili mwenendo, swali hutufuata katika kila karakana.

Tena wapo wanaodhani kwamba uzuri wa mlango watosha kuwa ushahidi wa wema wake. Hao yafaa wakumbuke milango ya pwani yetu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na katika mji wa Bagamoyo, ipo milango ya mabamba mawili yenye nakshi za maua, minyororo na maandishi, na katikati yake umesimama mfaa uliochongwa kwa ustadi mkubwa. Ufundi wa milango hiyo ni wa kweli: miti iliyochaguliwa vizuri, viungo vilivyoshika zaidi ya karne moja. Twajivunia mikono iliyoitengeneza. Lakini mali iliyonunua sehemu ya milango hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika pembe za ndovu na katika watumwa, na misafara iliyowaleta kutoka bara ilipita juu ya uwanda huu huu wa Ugogo, ambako wenye maji waliidai hongo kabla ya kuwapitisha wageni. Mlango mzuri huweza kusimama mbele ya mali isiyo ya haki. Kwa hiyo hatuwezi kumpima fundi wala mwenye nyumba kwa nakshi peke yake; hatuna budi kuuliza pia mlango umetokana na nini, na nani ameulipia.

Swali hilo latupeleka kwenye mti wenyewe. Mninga hupendwa na mafundi kwa sababu haupindi sana unapokauka, na moyo wake huwashinda mchwa. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Lakini hukua polepole, na mninga uliofikia unene wa kupasuliwa mbao aghalabu umeishi miaka mingi kuliko huyo anayeukata. Mwezi Novemba 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, nchi zilizo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini viliyo hatarini ziliamua kuiweka miti ya Afrika ya jamii ya mninga, pamoja na ile ya jamii ya mkongo, chini ya udhibiti. Uamuzi huo unahusu mbao zinazovuka mipaka. Ama zile zinazobaki nchini, hizo zimo mikononi mwa sheria zetu na dhamiri zetu. Mlango wa mninga uliotengenezwa vema huweza kutumika kwa vizazi kadhaa, na katika muda huo mti mwingine hupata nafasi ya kukua. Mlango uliotengenezwa ovyo hutupwa baada ya miaka michache, na mti mwingine huangushwa kuuziba ule uwazi. Kazi mbovu humpunja mnunuzi mara moja, na huupunja msitu mara ya pili.

Sasa twaweza kulirudia swali tuliloanza nalo. Wengi hudhani kwamba mdai wa fundi ni yule aliyelipa. Kama ndivyo, mdai akiridhika siku ya kukabidhiwa, deni limekwisha. Lakini mlango wa nje si wa aliyelipa peke yake. Tazama desturi yetu ya hodi. Mgeni husimama nje, hubisha, husubiri, na wa ndani huitika karibu. Mlango upo kwa ajili ya wote wawili. Humlinda aliye ndani dhidi ya upepo na mwizi, na papo hapo humpa aliye nje mahali pa kuomba kuingia kwa heshima. Mama yetu hakumlipa fundi hata senti moja, wala hakujua jina lake. Hata hivyo yeye ndiye aliyesimama mvuani kwa sababu ya mbao mbichi. Yeye alikuwa mdai. Wajukuu watakaoishi katika nyumba hiyo ni wadai. Na wale watakaoutafuta mninga siku zijazo nao ni wadai. Fundi hudaiwa kweli na watu ambao hatakutana nao, nao hawana njia ya kumfuata.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Anachodaiwa fundi kwanza ni kweli kuhusu yasiyoonekana, hata pale asipoweza kutoa kilicho bora. Naye mteja anadaiwa subira ya kuipokea kweli hiyo, na malipo yanayoiwezesha. Mmoja akikosa, mwenzake hulemewa. Wote wawili wakikosa, mzigo humwangukia mtu wa tatu ambaye hakuwapo wakati wa mapatano.

Twawaomba walimu walifikishe jambo hili kwa vijana wetu, si kwa maneno matupu. Katika karakana ya shule mwanafunzi apewe kipande cha ubao mbichi akipime uzito kila wiki, aandike namba, aone kwa macho yake jinsi mti unavyoyaachia maji yake taratibu. Akisha kutengeneza kiungo, aambiwe akifungue mbele ya wenzake ili sehemu iliyofichika ionekane. Huko ndiko atakakojifunza hesabu na sayansi, na huko huko atakutana na lile swali la utu: ningelifanyaje kama wasingelikifungua?

Ama sisi, hatimaye tulimrudia mzee. Tulimpa fedha ya mwanzo, tukangoja. Alipima, akapima tena, maana tundu la mlango wetu lilikuwa limezidi upande wa juu kwa upana wa kidole. Miezi ikapita kabla kipande chake hakijagoma kwenye mizani. Mlango ule ungali umesimama. Mama aliutumia kwa miaka michache aliyojaaliwa kuishi nasi baada ya hapo, na aliweza kuufungua kwa mkono mmoja.